Nyanya wa nguva mdogo alitolewa kwenye filamu, na sebuleni kwetu pengo lake lilionekana

Mwanzisha uzi, Mamboleo, Kisumu

Wanajukwaa, nawasalimu. Uzi huu unahusu The Little Mermaid, toleo la mwaka 2023 lililochezwa na waigizaji badala ya katuni, na hoja ninayoileta ni moja. Waliotengeneza filamu hiyo, kama wale waliotengeneza katuni ya mwaka 1989 kabla yao, walimtoa nyanya katika hadithi ambayo nyanya ni mhimili wake, na familia yenye wazee inapoketi kuitazama, pengo hilo huonekana hata na mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Hans Christian Andersen.

Kwetu aliyeliona kwanza ni mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kutoka Seme wakati wa likizo ya Desemba. Kiingereza cha filamu hakifuatilii vizuri, hivyo binti yangu wa gredi ya sita aliketi karibu na miguu yake akimfasiria kwa Kijaluo kilichochanganyika na Kiswahili, na kila wimbo ulipoanza alijitoa kwenye kazi hiyo kwa kusema tu, "Sasa wanaimba." Yule msichana wa baharini alipogombana na babake kwa sababu ya kutamani dunia ya binadamu, na mfalme akavivunjavunja vitu vyote alivyokuwa amevikusanya na kuvificha pangoni, mama aliuliza swali ambalo mkalimani wake hakuwa na jibu lake: katika boma zima la mfalme, hamna mwanamke mzee hata mmoja? Msichana ana dada sita, ana baba mwenye hasira, ana kaa wa kumchunga, na tunaelezwa kwamba mamake aliuawa na binadamu. Lakini hana mama mtu mzima wa kumketisha na kumweleza jambo kabla hajaamua.

Kwa kweli anaye mmoja, na hapo ndipo dada yangu alipochemka. Katika toleo hili la 2023, Ursula, yule mchawi mwenye minyiri ya pweza, amefanywa kuwa dada wa mfalme Triton, na anajitambulisha kwa msichana kuwa shangazi yake. Dada yangu ndiye shangazi wa watoto wangu. Katika jamii zetu za huku, kwa Wajaluo na kwa Waluhya vilevile, shangazi ndiye anayeitwa msichana anapokaribia kuolewa, ili amwambie yale ambayo mama hawezi kuyatamka na baba hathubutu kuyasikia. Sasa fikiria amekaa kwenye kiti, amelishika kombe la chai, halafu anaona shangazi wa filamu akimshauri mpwa wake juu ya mwanamume, akimtoza sauti yake kama malipo, na juu ya hayo akimwekea dawa ya kumsahaulisha kwamba anatakiwa kupata busu kabla jua la siku ya tatu halijatua. "Wamekosa mtu mwingine wa kumpa kazi hiyo?" aliuliza, na tuliobaki tukacheka, ila yeye hakuwa anatania.

Niliirudia hadithi yenyewe baada ya hapo. Andersen, Mdenmaki aliyezaliwa Odense mwaka 1805, mwana wa fundi viatu na mama mfua nguo, aliichapisha mwaka 1837. Katika maandishi yake mfalme wa bahari ni mjane wa miaka mingi, na mamake mzee ndiye anayeishikilia nyumba na kuwalea wajukuu sita wa kike. Ni mwanamke mwenye akili na pia mwenye majivuno ya ukoo wake: anavaa chaza kumi na wawili mkiani, ilhali wakuu wengine wameruhusiwa sita. Ndiye anayewasimulia wasichana habari za meli, miji, watu na wanyama wa nchi kavu. Kuna mahali Andersen anaeleza kwamba nyanya huyo aliwaita ndege wa mitini samaki, kwa sababu wajukuu hawakuwa wamewahi kumwona ndege na wasingemwelewa. Yeyote aliyelelewa na nyanya anaujua ustadi huo wa kumpelekea mtoto jambo la mbali kwa kitu alicho nacho mkononi.

Binti anapotimiza miaka kumi na mitano na kuruhusiwa kupanda juu ya maji, ni nyanya anayempamba kwa taji la maua na kuagiza chaza wanane wakubwa wamng'ang'anie mkiani, na binti anapolalamika kwamba wanamuumiza, nyanya anamjibu kwamba anayetaka hadhi hana budi kuvumilia maumivu. Baada ya kumwokoa mwana wa mfalme, binti anarudi kwa nyanya huyohuyo na kumuuliza kama binadamu wasiozama wanaishi milele. Jibu analopewa linabeba hadithi yote iliyobaki: kwamba watu wa baharini wanaishi miaka 300 kisha wanageuka povu, kwamba binadamu wana maisha mafupi lakini wana roho isiyokufa, na kwamba nguva anaweza kuipata roho hiyo iwapo tu mwanamume atampenda kuliko baba na mama yake na kumwoa. Hata mwishoni, dada zake wanapojitokeza majini wakiwa wamenyolewa nywele, kwa kuwa wamempa mchawi nywele hizo ili wapate kisu cha kumwokoa mdogo wao, wanamletea habari za nyanya: kwamba kwa huzuni nywele zake nyeupe zimepukutika zote. Nilipofika hapo nilimsomea mama kwa sauti. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba huyo sasa ndiye mtu aliyekuwa anamtafuta.

Kwa nini walimtoa? Naona sababu ya kiufundi. Filamu ya familia inataka ugomvi unaoeleweka haraka, na ugomvi wa baba na binti unaeleweka katika kila nchi ambako tiketi inauzwa. Nyanya anayejua mambo ya juu na kuyaeleza kwa utulivu angeupoza ugomvi huo mapema mno. Lakini angalia walichokifanya wakati huohuo: toleo jipya lina urefu wa dakika 135, dhidi ya dakika 83 za katuni, na katika nafasi hiyo iliyoongezeka walimtafutia mwana wa mfalme mama wa kumlea, malkia anayechezwa na Noma Dumezweni, mwenye busara na maneno ya kupimwa. Kumbe nafasi ya mwanamke mzima ilikuwepo. Ilipelekwa nchi kavu, kwa mvulana.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Zamani wasichana wa Kijaluo walilala siwindhe, nyumba ya mama mzee aliyeitwa pim, na usiku ndipo sigana, yaani hadithi, zilipotolewa, pamoja na mafunzo ya mambo ya ndoa, mwili na ukoo. Siwindhe hazipo tena mjini, na nyumba yangu ya vyumba viwili vya kulala haiwezi kuwa na moja. Ninachoweza kufanya ni kukishika kidhibiti cha televisheni na kuisimamisha filamu mama anapotaka kusema. Naomba kusikia kutoka kwenu: mnapotazama filamu hizi za hadithi za kale pamoja na wazee, mnafanyaje?

Mchangiaji wa Lanet, Nakuru

Ndugu wa Kisumu, umeandika vizuri, lakini nakupinga katika mambo mawili.

La kwanza, nyanya unayemsifu ndiye aliyeuwasha moto. Rudi kwenye maelezo yako mwenyewe. Binti aliuliza swali la kawaida juu ya kifo, na nyanya akamweleza kwamba kuna njia moja ya kupata roho, nayo ni kuolewa na mwanamume wa nchi kavu. Kisha, kama ninavyoikumbuka hadithi, akamwambia ayaache hayo, wafurahie miaka yao 300, jioni kuna dansi ikulu. Mtoto wa miaka kumi na mitano ukishamwonyesha mlango, huwezi kumwambia aende akacheze. Baba wa kwenye filamu anakosea kwa kufoka, nakubali, lakini angalau anajua kwamba kuna hatari. Nyanya wa Andersen hakuiona hata ilipokuwa imeketi mbele yake.

La pili ni kwamba kila nyumba huona pengo lake. Sisi tuliitazama tukiwa na binti yetu aliyekuwa na umri wa miaka saba, na alichokiona ni Halle Bailey, msichana mweusi mwenye nywele za kusokotwa kama za mamake, akiogelea katikati ya kioo. Dondoo ya filamu ilipotoka mwezi wa Septemba mwaka 2022, mitandao ya ng'ambo ilijaa ugomvi juu ya rangi ya mwigizaji huyo, kana kwamba nguva ana kitambulisho cha taifa. Kwetu suala hilo lilichukua muda wa kumeza mate: mtoto alisema, "Anafanana na mama," akaendelea kula njugu. Siwezi kumwambia kwamba filamu hiyo ina kasoro kwa sababu kitabu cha mwaka 1837 kilikuwa na bibi kizee ndani yake. Mama mkwe wangu, kwa taarifa yako, alilala kuanzia wimbo wa pili, na hakuna aliyethubutu kumwamsha ili atoe mafunzo.

Mchangiaji wa Kondele, Kisumu

Swali fupi kwa mwanzisha uzi. Kaa Sebastian si anaifanya kazi ya nyanya? Anamfuata binti kila mahali, anamwonya, anamwimbia uzuri wa kwao, na hata juu ya nchi kavu hamwachi. Nyanya angeongeza nini ambacho Sebastian hajakisema?

Mwanzisha uzi

Nianze na ndugu wa Kondele. Sebastian ni mtumishi wa mfalme. Anamchunga binti kwa sababu ametumwa, na moyo wake unagawanyika kati ya kumpenda msichana na kuogopa kuulizwa na mwajiri wake. Tena ndiye anayejikwaa mdomo na kuitoboa siri mbele ya mfalme. Nyanya haulizwi na mfalme, kwa maana mfalme ni mwanawe. Hiyo ndiyo tofauti, na watoto wanaijua: jambo uliloambiwa na nyanya huku baba hayupo lina ladha yake.

Ndugu wa Lanet, hoja yako ya kwanza ni nzito, na siipingi kwamba maneno ya nyanya ndiyo yaliyomsukuma binti. Hata hivyo naomba tutazame alikwenda kwa mchawi akiwa na nini. Katika Andersen binti anakwenda akijua anachokitafuta, na mchawi, ambaye nyumba yake imejengwa kwa mifupa ya waliozama, hamdanganyi hata kidogo. Anamwambia waziwazi kwamba ni upumbavu. Kwamba kila hatua atakayopiga itakuwa kama kukanyaga visu vikali. Kwamba ulimi utakatwa. Kwamba hatarudi tena kuwa nguva. Na kwamba mwana wa mfalme akioa mwingine, kesho yake asubuhi yeye atakuwa povu. Binti anasikia yote, anageuka rangi, anakubali. Katika filamu anarubuniwa. Mtu akirubuniwa, tunamhurumia na kumtafuta mwizi. Mtu akichagua huku bei ameionyeshwa, tuna la kuzungumza naye hadi usiku wa manane. Kwa hiyo nyanya hakumwokoa, hapo umesema kweli. Alimfanya awe mtu anayejua anachokitenda.

Juu ya binti yako na nywele za mamake sina la kupinga. Hata wangu alisema karibu hayohayo, na ni furaha ambayo mimi nikiwa mdogo sikuipata kwenye katuni yoyote.

Mchangiaji wa Bungoma, mwalimu

Nimefuatilia kwa hamu, wazee wangu, na ningependa kuongeza jambo moja kuhusu nyimbo, kwa kuwa binti wa mwanzisha uzi alizipita kwa kusema "sasa wanaimba."

Katika hadithi za manani, yaani mazimwi, tulizosimuliwa na kukhu, nyanya yetu, wimbo ulikuwa sehemu ambayo msimulizi alitukabidhi sisi. Msichana amefungiwa na zimwi, anaimba kumwita kakake, na sisi watoto tuliozunguka moto ndio tuliokuwa sauti ya kaka anayeitikia. Tusipoitikia, kukhu haendelei, na msichana anabaki kwa zimwi. Filamu haingojei mtu. Ikiwa unatazama na mzee ambaye haelewi Kiingereza, wimbo ndio anaponyimwa zaidi, kwani kila kitu kingine anaweza kukisoma usoni mwa waigizaji, ilhali katika filamu hii maamuzi makubwa yote yamo ndani ya nyimbo: binti anaamua kwa wimbo kwamba anataka kuishi juu, na mchawi anamshawishi kwa wimbo vilevile. Mkalimani mdogo anayeruka nyimbo ameruka mkataba wenyewe.

Ninachokifanya nyumbani ni kumweleza mama kabla wimbo haujaanza: "Sasa ataimba kwamba amechoka na kwao." Kisha tunausikiliza wote. Mwanzoni nilidhani ningemharibia utamu kwa kumwambia mapema, lakini wazee hawana shida hiyo. Hadithi nyingi wanazozipenda wamezisikia mara nyingi na mwisho wake wanaujua. Ni sisi tunaoona kujua mwisho ni hasara. Waliozoea filamu zilizosimuliwa na DJ Afro watanielewa: msimulizi anaingia juu ya picha, anakwambia kinachokuja, na bado watu wa kibandani wanashtuka.

Mchangiaji wa Homa Bay

Nashangaa kwamba tumefika hapa bila mtu wa ziwani kumtaja Nyamgondho wa Ombare. Sisi tunaye mwanamke wetu aliyetoka majini, na mahali penyewe pako Nyandiwa, Gwassi, ambako wenyeji watakuonyesha alama kwenye miamba na kukwambia kwamba ni nyayo za ng'ombe wake.

Kwa kifupi, kwa kuwa masimulizi yanatofautiana: mvuvi maskini anavuta mtego wake na kukuta amenasa mwanamke, na wengine husema alikuwa mzee mwenye jicho moja. Anamchukua nyumbani, anakuwa mkewe, na mali inafurika, ng'ombe hawahesabiki. Siku moja anarudi amelewa, anamtukana na kumkumbusha kwamba alimwokota ziwani. Mwanamke hagombani. Asubuhi anaondoka kurudi majini, na ng'ombe, mbuzi, kuku, kila chenye miguu kinamfuata, huku mume ameegemea fimbo yake akitazama, hadi anageuka mti.

Linganisheni. Nguva wa Denmaki anatoa ulimi wake ili apendwe, na mwanamume anamwita yatima wake bubu na kumlaza kwenye mto mlangoni pake. Wa kwetu alikuja na ulimi wake, na aliposemwa vibaya alichukua mali yake. Watoto wangu walipoimaliza filamu niliwapa hii palepale, na kijana wangu akauliza kwa nini Eric, yule mwana wa mfalme wa filamu, hakunyang'anywa meli.

Mchangiaji wa Kakamega

Mimi ni mzazi wa wasichana wawili, mmoja ana miaka mitano. Mnayoyasema ni mazuri, lakini mwisho wa Andersen niufanyeje? Siwezi kumwambia mtoto wa miaka mitano kwamba nguva amekuwa povu, halafu nizime taa. Na pia, kwa kuwa wengine mna uzoefu, ni ipi ya kutazama baada ya hii pamoja na wazee?

Mwanzisha uzi

Dada wa Kakamega, Andersen mwenyewe hakuishia kwenye povu. Nguva anapewa kisu amchome mwana wa mfalme usingizini ili arudi baharini, anakitupa majini, anayeyuka, kisha anajikuta akipanda hewani kati ya mabinti wa hewa, ambao wanaweza kujipatia roho kwa kutenda mema kwa miaka 300. Halafu mwandishi anaongeza kwamba kila mtoto mwema wanayemkuta nyumbani anawapunguzia mwaka mmoja, na mtoto mbaya anawatoa machozi, na kila chozi linaongeza siku. Sehemu hiyo ya mwisho mimi siipendi, kwa sababu inamtwika mtoto mzigo wa roho ya mtu mwingine ili tu alale mapema, na nilipoisimulia niliiacha. Kisu sikukiacha. Mama alitaka kisu kibaki, kwa hoja kwamba bila kisu huwezi kuonyesha kwamba msichana alikuwa na njia ya kurudi na akaikataa. Kwa mtoto wa miaka mitano unaweza kusema "akapewa njia ya kumdhuru, akaitupa," na ukubwa wa kisu ukausubiri umri wake.

Kuhusu filamu inayofuata, sisi tumechagua Cinderella ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Kenneth Branagh. Inafuata kwa karibu toleo la Mfaransa Charles Perrault la mwaka 1697, lenye boga, panya na mama wa ubatizo mwenye uchawi, ambaye mama yangu bila shaka ataniuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo msichana akilala jikoni. Lakini kabla ya kuiwasha nitawasimulia toleo la ndugu wa Grimm, ambamo mama huyo wa ubatizo hayupo. Msichana anapanda kitawi kwenye kaburi la mamake, kinakuwa mti, na kutoka kwenye mti huo ndege anamtupia nguo za kwendea sherehe. Kwa watu tunaozika nyumbani, kaburi likiwa hatua chache kutoka mlangoni, hilo halihitaji mkalimani. Dada yangu ameshathibitisha kwamba atakuja, baada ya kuhakikisha kwanza kwamba safari hii mwenye roho mbaya ni mama wa kambo.